Mahari ya Shangazi kwa Pesa ya Abijani

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa mjane na alikuwa anapika sabuni. Watu wa Gatete walimletea mawese kwa madumu, yeye akayachemsha na soda ya sabuni katika pipa nyuma ya nyumba yetu hapa Rumonge, akayamwaga katika visanduku vya mbao, na sabuni ikipoa akaikata vipande vinene kama tofali. Soda ilimwachia makovu mikononi. Kaka zake walisema imemchoma na ulimi, maana tangu mumewe alipofariki alikuwa hamwogopi mtu.

Kaka hao walikuwa wawili. Mdogo alikuwa baba yangu, aliyenunua ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwa wavuvi mwaloni na kuwauza Bujumbura wakiwa wamekauka. Mkubwa, baba mkubwa wangu, alikuwa na michikichi ya urithi na muda mwingi wa kukaa. Kwa sababu ya umri ndiye aliyesema katika kila jambo la ukoo, na kwa sababu ya tabia alisema na katika mambo ambayo hayakuwa ya ukoo.

Wiki chache kabla ya vita, mtu mmoja alirudi Rumonge kutoka Abijani, huko magharibi ya Afrika. Alikuwa mzaliwa wa hapa hapa, aliondoka kijana mdogo kupitia Kongo, na mama yake alikuwa amekwisha kumsomea hitima. Akatokea siku moja amevaa kanzu pana ya kumetameta, iliyotarizwa kifuani, kitambaa chake kingetosha kufunika mtumbwi mzima. Sisi watoto wa mtaa tulimwita mtu wa Abijani, na jina hilo likamganda. Alisema huko alikuwa anafanya biashara ya vitambaa. Hakusema upande gani wa kitambaa.

Alipenda kuja barazani kwetu baada ya sala ya alasiri. Alikunywa kahawa ya baba mkubwa na kumlipa kwa elimu.

"Hapa kwenu pesa iko wapi?" aliuliza. "Faranga ya Burundi ni karatasi ya kufungia karanga. Leo iko hivi, kesho iko vile. Sisi kule tunatumia sefa, faranga ya huko. Sefa imeolewa, wazee wangu."

"Imeolewa na nani?" akauliza baba mkubwa.

"Na faranga ya Kifaransa. Na ni ndoa ya Kikatoliki, haina talaka. Faranga moja ya Kifaransa, sefa hamsini. Jana hamsini, leo hamsini, kesho hamsini. Ufaransa yenyewe imeweka dhamana."

Baba mkubwa alipenda sana neno dhamana. Baba yangu, ambaye kila siku alipima ndagala na watu waliojaribu kumwibia kipimo, alitaka kujua hiyo hamsini ilianza lini. Hapo mtu wa Abijani akanyoosha kanzu yake na kutupa historia. Alisema sefa ilizaliwa mwisho wa vita kuu ya pili ya Wazungu, na ilipozaliwa, sefa moja ilinunua karibu faranga mbili za Kifaransa.

"Mutoto alizaliwa muzito kuliko baba yake!" alisema. "Baada ya miaka michache wakamwongeza, akawa mbili kamili."

"Sasa imekuwaje leo faranga moja inanunua sefa hamsini?" baba akauliza.

"Wafaransa walikata sifuri mbili kwenye pesa yao. Faranga mia za zamani zikawa moja mpya. Thamani haikuguswa. Ni sifuri tu."

"Yaani baba kajikata sifuri mbili, mtoto aliyekuwa mkubwa kawa mdogo, na hakuna aliyepoteza kitu?"

"Hakuna hata mmoja."

Baba alionekana bado anatafuta palipotoboka. Baba mkubwa alitikisa kichwa kwa heshima, jinsi anavyotikisa mtu ambaye hakushika hata neno moja.

Oktoba ikafika. Rais tuliyekuwa tumemchagua miezi michache nyuma aliuawa na askari, na baada ya hapo watu wakaanza kumalizana milimani. Sina haja ya kueleza. Aliyekuwepo anajua, na asiyekuwepo ameambiwa mara nyingi na watu wenye kiti cha kugombea. Kwetu pwani tuliona moshi upande wa milima, tukaona mito inateremka na vitu ambavyo mito haikuumbwa kubeba. Jirani aliyekuwa akisema "amahoro", amani, kila asubuhi akaanza kutazama viatu vyake. Shule yangu ya Bujumbura ilifungwa, nikarudi nyumbani na sanduku langu na Kifaransa changu cha sekondari, ambacho ukoo mzima ulikiona kuwa mali.

Katika miezi hiyo hiyo, mtu wa Abijani alianza kukaa zaidi nyuma ya nyumba kuliko barazani. Nilimkuta mara kadhaa kando ya pipa la sabuni, kanzu ameikunja kiunoni, anakoroga kwa mti mrefu huku shangazi akimtukana kwamba anakoroga kama anayepiga makasia. Alikuwa anamwelezea mji wa Abijani, maji yake yanayoingia katikati ya mitaa, wanawake wake wanaouza ndizi za kukaanga wakiwa na sauti kumshinda muadhini. Shangazi alikuwa anacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka vile tangu mumewe azikwe. Ukiwa na umri wa miaka kumi na sita, na unasikia risasi mbali na shangazi yako anacheka karibu, hujui ushike lipi.

Posa ililetwa Desemba. Wazee walikaa sebuleni, mama akapika pilau ya ndagala kwa sababu nyama ilikuwa haipatikani, mimi na shangazi tukakaa nyuma ya pazia kama desturi inavyotaka, ingawa kila mtu alijua mjane ana haki ya kujisemea. Baba mkubwa akaanza kutaja mapipa ya mawese na mbuzi. Mtu wa Abijani akamkatiza kwa adabu.

"Wazee wangu, nchi inaungua. Faranga zenu zitaungua pamoja nayo. Mimi namuheshimu dada yenu. Nitatoa kwa sefa."

Hata nyuma ya pazia nilisikia jinsi baba mkubwa alivyomeza mate. Wakakubaliana noti hamsini za elfu kumi kumi. Mtu wa Abijani akawafanyia hesabu papo hapo: kila noti ni faranga mia mbili za Kifaransa, zidisha mwenyewe. Akaacha noti moja kama kishika uchumba. Ilikuwa noti nzuri kweli, kubwa, yenye rangi, na wazee waliishika kwa ncha za vidole kama kipande cha samaki wa moto.

Shangazi aliulizwa. Akasema kutoka nyuma ya pazia, "Mimi sina neno na mtu. Ila mimi huuza sabuni kwa pesa ninayoijua."

"Mwanamke hajui mambo ya dhamana," alisema baba mkubwa.

Noti ile alikaa nayo yeye. Alitembea nayo mfukoni mwa kanzu hadi msikitini, na kila alipopata watu watatu aliitoa. Kwa wiki kadhaa wazee wa Rumonge, ambao mashamba yao yalikuwa hayalimiki kwa hofu, walijadili uimara wa hazina ya Paris. Mmoja alishauri tuombe mahari zote ziwe hivyo. Mwingine alisema kama Burundi nayo ingeolewa na Wafaransa badala ya kuachwa na Wabelgiji, tusingeuana. Hilo sikulielewa, lakini alilisema kwa uso wa mtu aliyefikiri.

Januari, asubuhi moja, baba mkubwa alikuwa na redio yake gotini, amefungua idhaa ya Kifaransa ili akamate habari za Bujumbura, maana redio yetu ilituambia kwamba hali ni shwari na sisi tuliona moshi. Akanisikia nikishtuka.

"Wamesema nini?"

"Wanasema sefa, baba mkubwa. Marais wa huko wamekutana Dakar. Wameiteremsha."

"Wameiteremsha wapi?"

"Thamani. Imeanguka."

"Imeanguka na nini? Sema Kiswahili, mutoto! Tulikulipia shule bure?"

"Faranga moja ya Kifaransa, sasa ni sefa mia moja. Si hamsini tena. Imekatwa nusu. Ni tangu jana."

Baba mkubwa alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekata. Akanituhumu kwamba nimesikia vibaya. Akaniambia Kifaransa changu ni cha sekondari ya Burundi, si cha Abijani. Taarifa ikarudiwa saa iliyofuata, na kwa bahati mbaya yake yule msomaji alitamka polepole. Baba yangu alikuwa mlangoni anafunga magunia. "Kumbe ile ndoa ya Kikatoliki," alisema, "mume anaweza kumlaza mke nusu kitanda bila kumuuliza." Baba alisema kitu cha kuchekesha labda mara moja kwa mwaka, na hicho kilikuwa cha mwaka ule.

Jioni hiyo hiyo mtu wa Abijani aliitwa. Alikuja bila kanzu ya kumetameta.

"Hizo noti hamsini sasa ni ishirini na tano," baba mkubwa alimwambia. "Leta mia moja."

"Tulikubaliana noti, mzee. Hatukukubaliana faranga za Kifaransa."

"Ulizitaja wewe mwenyewe! Mia mbili kwa kila noti, ulisema. Zidisha mwenyewe, ulisema!"

"Nilikuwa naeleza tu."

"Unanunua dada yangu kwa maelezo?"

Wakabishana siku hiyo, na kesho yake, na wiki iliyofuata. Tulikubaliana idadi au tulikubaliana thamani? Walimwita shehe, shehe akasema mahari ni kile kilichotajwa. Walipomuuliza kilitajwa nini, akasema anawahi maziko. Na kweli maziko yalikuwepo, yalikuwepo kila siku. Hiki ndicho kinachonifanya nicheke mpaka leo, kicheko ambacho hakinipendezi. Watu walikuwa wanapita mbele ya nyumba yetu na magodoro kichwani, wakikimbilia mwaloni kutoka vilimani, na ndani wazee wa heshima walikuwa wamekaza mishipa ya shingo juu ya pesa ambayo iliamuliwa Dakar, ikaidhinishwa Paris, na wala haikununua hata chumvi Rumonge.

Mwisho mtu wa Abijani akainua mikono. "Sawa. Noti mia moja. Nitazitoa zote."

Baba mkubwa alitabasamu kama aliyeshinda vita vyenyewe. Nyuma ya pazia, shangazi alikuwa anamenya viazi vitamu. Kisu kikasimama.

"Umesikia alivyokubali?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Amekupenda, shangazi."

"Mtu akikupenda bado huwa anaumwa na pesa yake. Huyu hakuumwa."

Kesho yake alimfuata baba mkubwa na kumdai ile noti. Baba mkubwa akakataa. Shangazi akamwambia kishika uchumba kimeshika uchumba wake yeye, si wa kaka yake, na kama kaka yake anataka kuolewa na mtu wa Abijani aseme. Akapewa.

Tukaenda Bujumbura, mimi na yeye, juu ya lori la mawese la mtu wa mtaa wetu. Alinichukua kwa sababu ya Kifaransa. Ile noti aliisokota akaificha ndani ya kipande cha sabuni alichokichimba, akakifunika na mabaki ya sabuni, akakiweka kati ya vipande vingine kikapuni. Tulipita Muhuta vizuri. Karibu na Kabezi kulikuwa na kizuizi cha askari, na lori likaamriwa kusimama. Katika siku zile barabara ile ilikuwa inakula watu. Niliona mikono ya shangazi imetulia juu ya kikapu na nikajua anaogopa, maana mikono yake haikuwa na desturi ya kutulia.

Askari mmoja alitazama vitambulisho, halafu akajichukulia vipande vya sabuni, kama walivyokuwa wakichukua kitu kwa kila mtu. Katika vile alivyochukua kimoja kilikuwa kile chenye noti. Alipokibonyeza kikafunguka mkononi mwake.

"Hiki ni nini?"

"Ni pesa, afande," shangazi alisema.

"Pesa ya wapi?"

"Ya Abijani."

Akaigeuza. Akamwonesha mwenzake. Mwenzake akainusa. Wakanong'ona kwa Kirundi, wakacheka, halafu yule wa kwanza akamrudishia shangazi ile noti na kubaki na sabuni.

Lori lilipoondoka, dereva alimshukuru Mungu kwa sauti. Shangazi hakushukuru. Alikuwa ameikunjua noti juu ya goti anaitazama. "Askari wa barabarani," alisema, "ambaye angechukua hata meno ya bibi kizee kama yanatoka, ameirudisha."

Benki tuliyoingia ilikuwa tupu. Kijana wa dirishani alikuwa amevaa tai, na nje ya dirisha lake kulikuwa na askari wawili na magunia ya mchanga. Nilianza na Kifaransa changu. Alinisikiliza kidogo, akamjibu shangazi kwa Kiswahili.

"Mama, hii hatupokei."

"Kwa sababu imekatwa nusu?"

"Hata kabla haijakatwa. Tangu Agosti mwaka jana benki zao kule zilitangaza, noti zikishatoka nje ya nchi zao hazizinunui tena. Hakuna benki itakayoichukua hapa. Ukitaka kuibadilisha uende nayo kule."

"Kule Abijani?"

"Ndiyo."

"Nauli ya Abijani ni shilingi ngapi?" Alipokasirika alikuwa anasahau jina la pesa yetu.

Kijana akacheka, kisha akaona uso wake akaacha. "Mama, wewe si wa kwanza. Miezi iliyopita alikuja mwanaume mmoja mwenye kanzu kubwa sana, na mfuko mzima wa hizi. Alikaa pale kwenye benchi mpaka tukafunga."

Nilitaka kuuliza kanzu ilikuwa ya rangi gani. Shangazi alinivuta mkono tukatoka.

Tuliporudi Rumonge hakumwambia mtu. Aliendelea kupika sabuni. Ilipofika siku ya kuleta mahari, wazee wakakaa sebuleni, safari hii wamejaa kwa sababu baba mkubwa alikuwa amealika mashahidi kutoka misikiti miwili. Mtu wa Abijani akaingia na kanzu yake kubwa na mfuko wa ngozi. Alipoweka mkono kwenye zipu, shangazi akatoka nyuma ya pazia. Mwanamke kutoka nyuma ya pazia siku ya mahari yake! Shahidi mmoja alifunika macho na kiganja, vidole vimeachana vizuri.

Shangazi aliweka ile noti ya kishika uchumba juu ya mkeka, mbele ya mtu wa Abijani.

"Ulijua?" akamuuliza.

Mtu wa Abijani akaondoa mkono kwenye zipu.

"Ulikaa kwenye benchi ya benki mpaka wakafunga. Ulijua tangu siku hiyo. Halafu ukaja hapa ukasema sefa imeolewa."

Baba mkubwa akamaka, "Benki gani? Benchi gani?" Shangazi akawaeleza wote, kwa maneno machache, kwamba noti zile hazikuwa nusu, wala robo, katika nchi hii hazikuwa kitu, na hazikuwa kitu hata siku ile walipozishika kwa ncha za vidole. Wiki zote zile walikuwa wanagombania nusu ya hakuna.

Nilimtazama mtu wa Abijani. Nilitegemea atapiga kelele au aondoke. Akaketi chini kabisa, kanzu ikamzunguka kama hema lililoanguka, na akasema mbele ya wote, "Nilikuwa fundi cherehani. Si mfanyabiashara. Nilishona nguo za watu miaka yangu yote, nikalala dukani chini ya meza, ili nirudi kwetu na kitu. Nikafika Bujumbura, benki wakaniambia niliyobeba ni picha. Ningewaambia nini? Ningerudi Rumonge mikono mitupu, mama yangu amenisomea hitima, niseme nini?"

"Useme hivyo hivyo," shangazi alimjibu. "Ungekuja mikono mitupu ningekufikiria. Nilikuwa nimekwisha kukufikiria, pale kwenye pipa. Ukaniletea uongo uliopigwa chapa vizuri, ili kaka zangu wabaki nao mkononi na wewe ubaki na mimi."

Hapo baba mkubwa akapata sauti. Akamwita mwizi, akamwita tapeli, akaapa kwamba yeye tangu mwanzo aliitilia shaka ile pesa. Baba yangu alimtazama tu. Mashahidi walikula pilau, kwa sababu ilikuwa imeshapikwa, wakaenda kuisimulia habari hiyo katika misikiti yote miwili. Posa ikafa. Mtu wa Abijani akakusanya mfuko wake na kutoka, na kwa muda mrefu hatukumwona barazani wala kando ya pipa. Shangazi alikoroga peke yake, na alinigombeza kwa kila kitu.

Vita havikuisha, vilisogea. Ulifika wakati mapigano yakawa juu yetu kabisa, kwenye michikichi, na mchana mmoja kila mtu aliyekuwa na miguu aliteremka mwaloni. Boti za mbao zenye injini zilikuwa zinapakia watu kwenda Kigoma. Mwenye boti yetu, Mha mmoja wa Kigoma mwenye sauti ya kukwaruza, alikuwa amesimama majini anapokea nauli kabla ya mguu kuingia. Hakutaka maelezo. Shangazi alilipa kwa faranga za sabuni, zile za kufungia karanga, kwa ajili ya wote: baba, mama, mimi, wadogo zangu, na baba mkubwa, ambaye alikuwa amekimbia na redio akasahau viatu.

Boti ilipokuwa inasukumwa nikamwona mtu wa Abijani ufukweni, kati ya watu waliosukumwa nyuma kwa kukosa nauli. Amembeba mama yake mgongoni. Mwenye boti alikuwa anamwambia arudi nyuma. Shangazi alimwona pia. Alitazama maji, akatazama juu kwenye moshi, akatukana tusi ambalo sitaliandika, kisha akatoa faranga nyingine kifuani.

"Chukua wale wawili."

Baba mkubwa akaanza, "Huyo mwizi..."

"Kaka, wewe nauli yako nani kalipa?"

Wakapanda. Mtu wa Abijani alikaa na mama yake mapajani, hakusema asante, alikuwa analia waziwazi na hakuna aliyemtazama, maana kila mtu alikuwa na lake la kutazama ufukweni.

Tulipanga vyumba Ujiji kwa jamaa wa mama. Faranga zetu nazo zilidharauliwa sokoni Kigoma, ukienda kubadilisha wanakupa shilingi kwa huruma, na baba mkubwa alipata mada mpya. Shangazi alitafuta mawese na pipa akaanza upya. Mtu wa Abijani alipata kazi kwa fundi mmoja wa sokoni, akishona kwa cherehani cha mtu mwingine, na hapo ndipo tulipojua kwamba katika kila alilosema, ufundi wake tu ndio aliousema pungufu. Wanawake wa Ujiji walipanga foleni kwa ajili ya ile tarizi ya kifuani. Alikuwa anapita kwetu Ijumaa kumsalimu shangazi mbele ya watu, na alisema "amahoro" na "murakoze", asante ya kwetu, na kuondoka. Ilichukua muda mrefu sana kabla shangazi hajamwambia akae.

Alipomposa mara ya pili hakupitia kwa baba mkubwa. Alileta cherehani kilichotumika, kimepauka rangi, kinachoimba ukikikanyaga, alichokinunua kwa kazi ya miezi mingi. Akakiweka mbele ya shangazi akasema hiki ndicho, sina kingine, na kinafanya kazi. Shangazi alikaa akakikanyaga mwenyewe, akashona mstari mmoja kwenye upindo wa kanga yake, akautazama mshono. Kisha akakubali.

Baba mkubwa alisema cherehani si mahari. Shehe wa Ujiji, aliyekuwa hana maziko ya kuwahi, akamwambia kila chenye thamani ni mahari, na ni mali ya mke. Hapo ndipo utamu ulipo, kwa sababu mume alikihitaji ili ale. Kila asubuhi ilimbidi amwombe mkewe ruhusa ya kukitumia, na kuna asubuhi ambazo alinyimwa mpaka alipoteka maji.

Walirudi Rumonge vita vilipotulia, kabla yetu. Nyumba ilikuwa haina mabati, michikichi ya baba mkubwa ilikuwa imevunwa na watu wasiojulikana ambao wote tunawajua. Wakaezeka chumba kimoja, mume akashona barazani na shangazi akapika sabuni nyuma. Mara ya mwisho nilipowatembelea ilikuwa wiki ya kufungua shule. Wateja walikuwa wamejaa mlangoni na vitambaa vya sare, na mtu wa Abijani, sasa mzee, alikuwa ameacha kazi anamweleza mwalimu mmoja jinsi ya kukata suruali ya mtoto ili idumu miaka miwili. Shangazi alitokea nyuma na mti wa kukorogea mkononi, unadondosha.

"Mwalimu anajua kufundisha," alisema. "Wewe shona."

Akashona.